Tazama Wanavyopokeana

Vijana wanaokuja kuzungumza nasi kuhusu uchumba siku hizi hufika wakiwa wameshajipa majina. Mmoja husema yeye ni wa wasiwasi, mwenzake husema yeye ni mkwepaji, na wote wawili huwa wameyatoa majina hayo katika video fupi za simu, ambazo humpanga mtu katika kundi lake kwa dakika moja na kumwambia aachane na nani. Siwalaumu, kwa sababu nadharia ya mafungamano, inayoeleza jinsi mtu anavyojifunga, tangu utotoni, kwa yule anayemkimbilia kupata faraja, ni miongoni mwa mambo machache ya saikolojia ambayo mtu akiyasikia kwa mara ya kwanza huhisi kwamba ametajwa yeye. Hata hivyo, baada ya miaka kadhaa ya kukaa na wachumba na wanandoa katika kamati ya ndoa ya usharika wetu hapa Mbeya, nimeacha kuwauliza watu wako kundi gani. Huwauliza hivi: mmoja wenu akiwa amesafiri, siku anayorudi, ile saa ya kwanza nyumbani huwa inakwendaje?

Swali hili linawafaa watu wa huku, kwa kuwa nyanda za juu kusini ni nchi ya watu wanaoondoka na kurudi. Dereva anapakia mbao Mafinga na kuzipeleka Dar es Salaam. Wakala wa forodha anaishi Tunduma siku za kazi ilhali familia yake iko Uyole. Mwalimu wa kike amepangiwa shule Makete huku mumewe akiuza vipuri Mwanjelwa. Mwingine yuko machimboni Chunya, na mwingine amekwenda Kyela kununua mpunga wakati wa mavuno, naye hatarudi mpaka magunia yatimie. Ndoa nyingi ninazozifahamu zinaishi kwa simu na kwa basi. Watu wa namna hii wanaagana na kupokeana mara nyingi sana kuliko wale wanaolala chumba kimoja mwaka mzima, na kwa hiyo mambo ambayo kwa wengine hujificha, kwao hujitokeza kila mwisho wa mwezi.

Swali lenyewe nimeliazima kwa Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyekulia Kanada na kufanya kazi London mwanzoni mwa miaka ya 1950 pamoja na John Bowlby, daktari wa magonjwa ya akili ambaye ndiye mwasisi wa nadharia hii. Katika timu hiyo alikuwamo pia James Robertson, aliyekuwa akiwatazama watoto wadogo waliolazwa hospitalini Uingereza katika enzi ambayo wazazi waliruhusiwa kuwaona kwa nadra sana. Robertson aliona kwamba mtoto hulia kwanza na kumdai mama yake, kisha hunywea na kukata tamaa, na hatimaye hutulia, akala, akacheza na wauguzi, kiasi cha kuwafanya watu wazima waseme kwamba amezoea. Mama alipokuja kumchukua, mtoto huyo aliyesemwa amezoea alimtazama kama asiyemjua, au aligeuza uso ukutani. Ninapomsikia mtu akisema juu ya mwenzi wake kwamba “huyu hata nikikaa mwezi hana habari,” huwakumbuka watoto wale, nami huwa sina haraka ya kukubali kwamba hana habari.

Mwaka 1954 Ainsworth alimfuata mumewe aliyekuwa amepata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii ya Makerere, na kwa miezi kadhaa akawa anazitembelea nyumba za vijiji vilivyo karibu na Kampala akifuatana na mkalimani, akiketi na akina mama 26 na watoto wao 28. Alikuwa amesikia kwamba Waganda humpeleka mtoto kwa bibi yake anapoachishwa ziwa, na alitaka kuona utengano huo unamfanya nini; alipofika akakuta wengi wameiacha desturi hiyo, ndipo akaamua kutazama kilichokuwapo mbele yake: mtoto anavyotambaa kwenda mbali na mama, anavyogeuka kumwangalia, anavyomkimbilia akishtuka. Watoto 16 aliwaona kuwa na mafungamano salama, 7 kuwa na mafungamano yenye mashaka, na 5 kuwa bado hawajafungamana na mtu. Akina mama wa watoto waliotulia walikuwa na sifa moja iliyomvutia sana, nayo ni kwamba waliweza kumsimulia habari za mtoto kwa undani, anapenda nini, anaogopa nini, hulalaje, kwa sababu walikuwa wakimtazama. Hulitaja jambo hili kila ninapopata nafasi, kwani wapo watu, wakiwamo watumishi wa kanisa ninaowaheshimu, wanaodhani kwamba habari hizi ni za Wazungu waliolelewa na yaya. Sehemu ya msingi wake iliwekwa katika nyumba za Buganda, miongoni mwa wakulima wa ndizi na kahawa ambao maisha yao mtu wa Rungwe angeyatambua bila kuelezwa.

Baadaye, akiwa Baltimore nchini Marekani, Ainsworth alibuni jaribio la takriban dakika 20. Mama na mtoto wa mwaka mmoja wanaingia katika chumba wasichokijua chenye vitu vya kuchezea. Anaingia mtu mgeni. Mama anatoka, anarudi, anatoka tena, anarudi tena. Mtu angetarajia kwamba kilio cha mtoto mama anapotoka ndicho kitakachosema yote, kumbe hakikutosha kuwapambanua watoto, maana hata miongoni mwa waliotulia wapo waliolia sana na wapo ambao hawakulia. Kilichowapambanua kilikuwa mapokezi. Mtoto mwenye mafungamano salama alimwendea mama aliyerudi, akabebwa ikiwa alihitaji kubebwa, akapoa, akarudia michezo yake. Mwenye wasiwasi alimng’ang’ania mama huku akimpiga mateke, akataka kubebwa na akishabebwa akataka kushushwa, na kilio hakikukoma. Mkwepaji alijishughulisha na kifaa alichokuwa nacho mkononi kana kwamba hakuna aliyeingia. Takriban theluthi mbili ya watoto wa Baltimore walikuwa wa aina ile ya kwanza. Miaka mingi baadaye Mary Main na Judith Solomon walieleza kundi la nne, la watoto ambao mwenendo wao haukuwa na mpango unaoeleweka, kwa mfano anayemwendea mama huku amegeuza kichwa pembeni, na mara nyingi hao walikuwa watoto ambao mtu wa kuwafariji ndiye aliyekuwa pia chanzo cha hofu yao.

Kuhusu yule mkwepaji, mwaka 1977 Alan Sroufe na Everett Waters walieleza jambo ambalo naona kila mtu aliyeoa au kuolewa na mtu mkimya anapaswa kulijua. Walipima mapigo ya moyo ya watoto katika jaribio lilelile, na wakakuta kwamba mtoto anayeonekana hajali moyo wake unakwenda mbio. Uso umetulia, mikono inacheza, ndani mna mshtuko uleule walio nao wenzake wanaolia. Kukwepa ni namna ya kuibeba hofu kwa mtoto aliyejifunza kwamba kuionyesha hakuleti msaada, au kunamsogeza mbali yule anayemhitaji.

Kutoka kwa watoto kwenda kwa wapenzi, hatua ilichukuliwa mwaka 1987 na Cindy Hazan na Phillip Shaver, waliochapisha maswali katika gazeti moja la Denver na kuwaomba wasomaji wachague maelezo yanayofanana zaidi na hali yao katika mapenzi. Katika majibu 620 waliyoyachambua, asilimia 56 walijitambua katika mafungamano salama, 25 katika ukwepaji na 19 katika wasiwasi. Wasomaji walioamua wenyewe kujibu gazeti si mfano wa binadamu wote, na watafiti waliofuata wameacha kwa kiasi kikubwa kuwagawa watu kwa makundi. Siku hizi hupima vitu viwili, yaani ni kwa kiasi gani mtu anaogopa kuachwa, na ni kwa kiasi gani anakwepa kumtegemea mwenzake, na mtu anaweza kuwa na kimoja kingi, vyote viwili, au vyote kwa uchache. Ndiyo maana sifurahishwi na majina ya kwenye video. Yanamfanya mtu ajione ameshamalizwa kuelezwa.

Utafiti unaonisaidia zaidi ninapoketi na wanandoa ni wa Jeffry Simpson na wenzake, uliochapishwa mwaka 1992. Waliwaalika wapenzi, wakamwambia mwanamke kwamba punde atapitia jambo ambalo huwatia watu wengi wasiwasi, kisha wakawaacha wawili hao wasubiri pamoja huku wakirekodiwa. Mwanamke mwenye mafungamano salama, kadiri hofu yake ilivyozidi, alizidi kumsogelea mwenzake kutafuta faraja. Mkwepaji alifanya kinyume chake: hofu ikiwa ndogo alizungumza na kutegemea kama wengine, ila kadiri ilivyopanda ndivyo alivyozidi kujitenga. Wanaume nao walifuata mkondo huohuo katika kutoa faraja, kwani mwenye mafungamano salama alitoa zaidi kadiri mwenzake alivyoogopa, na mkwepaji alitoa pungufu. Maana yake ni kwamba mchumba anaweza kumwona mwenzake kuwa mkunjufu kwa miezi mingi ya matembezi ya Jumapili, kisha akamkosa kabisa siku ya kwanza ya msiba au ya ugonjwa, wala pasiwe na udanganyifu wowote katika ule ukunjufu wa awali.

Mwaka 1998 Chris Fraley na Phillip Shaver walichapisha uchunguzi uliofanywa katika uwanja wa ndege, ambako walitazama bila kujulikana jinsi wapenzi walivyokaa kabla ya safari. Wale waliokuwa wakiagana walishikana na kukumbatiana kuliko wale waliokuwa wakisafiri pamoja, wanawake wenye wasiwasi mwingi walieleza kuwa na huzuni zaidi, na wanawake wenye ukwepaji mwingi walijivuta pembeni pale utengano ulipokaribia. Mtu akitaka kuyaona haya bila nauli ya ndege na aende stendi ya Nane Nane alfajiri, mabasi ya Dar es Salaam yanapojaza abiria na baridi ya mwezi wa saba imewafunga watu ndani ya makoti. Atamwona anayepiga simu basi likiwa bado halijatoka getini, na atamwona aliyesindikiza akageuka mapema na kuondoka kwa sababu ya kazi ambayo kwa saa hiyo haipo.

Hapa ndipo ninapofika kwa wanandoa wawili ambao wameniruhusu kuwataja, nikibadilisha mambo machache ili wasitambulike. Mume anaendesha lori kati ya Dar es Salaam na mpaka wa Tunduma, na mke ni fundi cherehani. Mume akiwa njiani, mke hupiga simu kuuliza amefika wapi, na jina la kila mahali anatamkiwa, Ruaha Mbuyuni, Mafinga, Makambako, Igawa. Akipanda mlima wa Kitonga simu isipopokelewa, mke hupiga tena na tena, na cherehani husimama. Siku anayofika mambo hugeuka. Mke humpokea begi, humwambia pole na safari, humtengea maji ya moto ya kuoga na kumwandalia chakula, kisha huhamia uani na kukaa na nguo za wateja mpaka giza linaingia. Mume huoga, hula peke yake, huitazama simu kidogo, halafu huaga kwamba anakwenda kuangalia mpira. Kila mmoja alikuja kwetu akiwa na hakika kwamba mwenzake hampendi tena.

Mimi na mume wangu tulipowauliza juu ya ile saa ya kwanza, mke alisema, “Nimemsubiri siku kumi, halafu anaingia kama aliyetoka dukani. Nikikaa karibu naye nitalia, basi bora nikae na kazi yangu.” Mume alijibu taratibu, akimtazama mume wangu kuliko alivyomtazama mkewe: “Baba, mimi nikifika nataka nikae kwanza. Nikianza kuulizwa nilikuwa wapi na kwa nini sikupokea, najisikia kama bado niko kwenye mizani.” Baadaye, mkewe akiwa ametoka kuchukua mtoto, alituambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia yeye, kwamba akishapita Igawa huanza kutazama saa kila mara, na akiukaribia Uyole moyo humwenda mbio, kisha akishafungua mlango hana neno hata moja la kusema. Nilipoisikia hiyo habari ya moyo nilijizuia nisimkatize kwa kumsimulia utafiti wa mwaka 1977.

Katika historia zao hakukuwa na lolote la kushangaza. Mke alikulia nyumbani kwa wazazi wote wawili, ila baba yake alikuwa mnywaji, na watoto walijifunza kusikiliza hatua zake mlangoni ili wajue kama leo ni siku ya kukimbilia mikononi mwake au ya kujificha jikoni. Mtu aliyelelewa na faraja inayokuja na kukatika bila utaratibu hujifunza kuidai kwa nguvu na kutoiamini inapofika. Mume alipelekwa bweni akiwa mdogo, akatambua mapema kwamba anayelia usiku huchekwa. Ukiwaweka watu wa namna hii pamoja, mmoja akiwa na hofu husogea na kuuliza zaidi, na mwingine akiwa na hofu hurudi nyuma, na kila hatua ya mmoja ni uthibitisho wa hofu ya mwingine. Simu saba zisizopokelewa zinamfanya aliye njiani azime simu, na simu iliyozimwa inahalalisha simu saba za kesho yake.

Lazima niseme kidogo juu ya ushauri unaotolewa kwenye kicheni pati, kwa kuwa nimekaa katika nyingi na nyingine nimezisimamia. Bibi harusi hufundishwa kwamba mume akirudi apokelewe mzigo, achemshiwe maji, awekewe chakula na asiulizwe maswali. Nusu ya kwanza ya somo hilo naikubali kwa moyo wote, na nusu ya pili inanisumbua. Kwa mume mwenye ukwepaji, kutoulizwa kabisa kunampa nafasi ya kupumua siku hiyo na kumthibitishia kwa miaka inayofuata kwamba ndani ya nyumba yake mambo ya moyoni hayana pa kuwekwa. Kwa mke mwenye wasiwasi, kunyamaza kwa amri hakupunguzi swali, hulihamishia kwenye mfuko wa suruali na kwenye simu ya mume akishalala. Tena katika somo lote hilo hakuna anayemfundisha bwana harusi namna ya kumpokea mke anayerudi kutoka Makete kwa basi la mchana akiwa na vumbi na daftari za wanafunzi. Wanawake wetu nao husafiri, na baadhi yao ndio wenye kuleta fedha nyumbani.

Pamoja na hayo, sikubaliani na vijana wanaotaka mapokezi yawe kama yale ya filamu, wakidhani kwamba asiyekumbatia hana mafungamano salama. Ainsworth mwenyewe aliandika kwamba watoto wa Kiganda walimlaki mama kwa kupiga makofi, na kwamba kukumbatia na kubusu alikozoea kuona kwa watoto wa kwao hakukuonekana huko. Umbo la salamu hufundishwa na jamii. Kwa mama wa Kihehe au wa Kibena anayepiga goti kidogo huku akiupokea mkoba, furaha yote inaweza kuwa ndani ya goti hilo, na mwingine anaweza kupiga goti lilelile akiwa ameshahama moyoni. Kinachopimwa ni kitu kingine: je, aliyerudi na aliyebaki, baada ya muda wao wa kawaida, wanapoa wakiwa pamoja? Wakishapoa, wanaweza kurudi kwenye shughuli zao bila mmoja kumlinda mwenzake kwa jicho?

Tahadhari kama hiyo inahitajika tunapozungumza juu ya malezi. Mwaka 1988 Marinus van IJzendoorn na Pieter Kroonenberg walikusanya matokeo ya jaribio la Baltimore kutoka nchi 8, wakakuta kwamba tofauti za ndani ya nchi moja zilikuwa kubwa kuliko tofauti kati ya nchi na nchi. Lakini katika nchi hizo 8 haikuwamo hata moja ya Afrika. Huku kwetu mtoto mara nyingi ana walezi wengi. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi kati ya Wanyakyusa wa Rungwe katika miaka ya 1930, alieleza jinsi wavulana wa umri wa kama miaka kumi walivyohamia kwenye vijiji vya rika lao na kujijengea vibanda, huku wakiendelea kwenda kula kwa mama zao, kundi zima kwa mama huyu leo na kwa mama yule kesho. Katika kizazi chetu, Ukimwi uliipiga Njombe kuliko karibu kila mahali nchini, na utafiti wa kitaifa wa 2016–17 uliikuta na maambukizi ya asilimia 11.4 kwa watu wazima. Kwa hiyo wapo watu wengi wenye umri wa kuoa na kuolewa sasa ambao waliyemwita mama alikuwa bibi yao. Wachumba wa namna hiyo wameshaniuliza kwa sauti ya chini kama wameharibika. Jibu langu ni hapana, nami silitoi kwa huruma. Nadharia hii inasema kwamba mtoto anahitaji mtu mmoja au wachache wanaopatikana na wanaoitikia anapowahitaji, na haisemi kwamba lazima awe aliyemzaa. Mmoja wa watu watulivu zaidi ninaowajua katika ndoa alilelewa Makete na bibi aliyekuwa akiuza viazi, ambaye kila alipokwenda mnadani alimwambia mjukuu wake atarudi kabla ya jua kuzama, na akarudi.

Je, watu hubadilika? Lee Kirkpatrick na Cindy Hazan waliwafuatilia watu wazima kwa miaka 4, na mwaka 1994 wakaeleza kwamba takriban asilimia 70 walibaki katika mtindo uleule. Wapo wanaoisoma takwimu hiyo kama hukumu. Mimi huiangalia ile 30 iliyobaki. Inajulikana pia kwamba mtu mmoja anaweza kuwa mtulivu kwa rafiki yake na mwenye wasiwasi kwa mkewe, na kwamba uhusiano mzuri wa muda mrefu humbadilisha mtu polepole, kama vile ambavyo kusalitiwa humbadilisha aliyekuwa ametulia. Kinachosaidia si kilekile kwa wote. Mwenye wasiwasi hutulizwa na uhakika unaosemwa waziwazi na unaojirudia kwa wakati wake, hata kama ni mfupi. Mkwepaji husogea akiombwa jambo dogo kwa sauti isiyo na lawama, akijua kwamba kuna mahali ambapo ombi hilo linaishia.

Jambo moja siwezi kuliacha lipite. Nimesikia mtu akieleza kwamba anampiga mkewe kwa sababu ana mafungamano ya wasiwasi, na mwingine kwamba ana nyumba ndogo Tunduma kwa sababu ni mkwepaji. Nadharia ya mafungamano inaeleza hofu inatoka wapi. Haimpi mtu ruhusa ya kile anachokifanya nayo. Penye kipigo hatufanyi mazungumzo ya wawili kamwe, na anayepigwa tunamwelekeza kwenye dawati la jinsia la polisi na kwa ndugu wanaoweza kumhifadhi.

Wale wanandoa wa lori walikubaliana mambo ya kawaida kabisa. Mume atapiga simu yeye mwenyewe Ruaha Mbuyuni kabla ya kupanda Kitonga, na tena Makambako, ili mke asiwe na sababu ya kuifuatilia barabara kilomita kwa kilomita. Na kati ya vituo hivyo mke hatapiga isipokuwa mtoto ni mgonjwa. Mpira utasubiri siku ya pili. Siku ya kufika wataketi jikoni wote wawili wakati maji yanachemka, na mke ataacha kazi ya uani. Mume aliomba apewe saa nzima ya kukaa hapo bila kuulizwa kitu. Mke alisema nusu saa inamtosha mtu yeyote aliyeshiba. Walipoondoka kwetu walikuwa wamesimama getini, bado wanabishana juu ya dakika thelathini zilizobaki, na mume alikuwa anajibu.